Nyuma ya Ukurasa: Tupu

Mshonaji hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na bahasha ameibana kwapani, na Karani alipoinua macho kutoka kwenye kompyuta alijua kabla hajaambiwa kwamba kuna jambo limeharibika. Mwanamke yule siku zote alikuwa nadhifu, mtu wa kupiga pasi hata leso. Asubuhi hii alikuwa amevaa ndala za rangi mbili, ya kijani mguu huu, ya bluu mguu ule.

"Karibu, dada. Keti."

"Sikai. Wamemchukua mtoto."

"Nani?"

"Ofisi ya watoto. Jana saa nne, shuleni, mbele ya wenzake. Wamempeleka kwenye nyumba ya kulelea. Wanasema nimeghushi cheti chake." Akaiweka bahasha juu ya meza, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Soma mwenyewe. Mimi nimeisoma mpaka maneno yanacheza."

Karani akasoma. Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba tafsiri iliyothibitishwa na mfasiri aliyeapishwa inaeleza kuwa nyuma ya cheti cha kuzaliwa hakuna maandishi. Cheti chenyewe kilichowasilishwa kina maandishi nyuma. Kwa hiyo ofisi ina sababu ya kuamini kwamba maandishi hayo yaliongezwa baada ya tafsiri, kwa nia ya kumchukua mtoto asiye wake. Mhusika afike Alhamisi saa tatu. Ilikuwa Jumanne.

Karani akaisoma tena tangu mwanzo.

"Hicho kilichoandikwa nyuma," alisema polepole, "ni nini?"

"Si ndiyo hukumu. Dada yangu na mumewe walipofariki kule Indonesia, mahakama ilinipa mtoto. Msajili wa vyeti akaandika nyuma ya cheti, akagonga muhuri, mimi nikiwa nimesimama mbele yake. Ile hukumu yenyewe ilikuwa kwenye sanduku lililopotea safarini. Nakala nimeiomba, miezi sita sasa, kimya. Sina kingine, dada. Nina nyuma ya hicho cheti tu." Akafuta pua kwa kiganja. "Nikajiuliza, mfasiri mzima atasemaje hakuna kitu. Labda wameisoma vibaya pale ofisini. Nikasema nije kwenu, nyinyi mtajua."

Kutoka chumba cha ndani sauti ya mzee ikauliza, "Karani, nani huyo?"

"Mteja, baba."

"Umempa chai?"

Mshonaji alitaka kusema hataki, lakini Karani alikuwa ameshasimama kwenda jikoni, na huko akasimama mbele ya birika akiwa hakumbuki amefuata nini.

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa ofisi. Kwenye ukuta paliandikwa kwa rangi, TAFSIRI RASMI, KIINDONESIA. Baba mkwe wa Karani alikuwa baharia miaka kumi na tisa kwenye meli za Waindonesia, na alipenda kusema kwamba lugha ile ilimkaribisha kama binamu: habari wao wanaiita kabar, wakati ni waktu, dunia ni dunia tu. Aliporudi nchi kavu alifanya mtihani, akaapishwa, akapewa muhuri. Katika orodha ya ofisi, wafasiri wa Kiarabu walikuwa kumi na wawili, wa Kifaransa tisa. Wa Kiindonesia alikuwa yeye peke yake. Mtaani walimwita Bahasa, yaani lugha kwa Kiindonesia, na watoto, kwa sababu kila mteja alitoka pale na bahasha ya kaki, walimwita Mzee Bahasha, naye aliitika yote mawili.

Macho yake yalikuwa yanakwenda. Kwa hiyo mke wa mwanawe alisoma kwa sauti, yeye akafasiri, mke wa mwanawe akaandika. Mzee ndiye aliyempa lile jina la Karani, na sasa hata mumewe alimwita hivyo.

Na mzee alikuwa na sheria yake. Mfasiri hafasiri maneno tu, alisema, anafasiri karatasi nzima. Kila muhuri, kila mstari uliokatwa, kila doa. Pasiposomeka, andika haisomeki. Na nyuma kukiwa hakuna kitu, andika hakuna kitu, ili asije mtu kesho akaongeza lake. Kabla ya kutia sahihi aliuliza neno moja, kila siku, kila karatasi: "Umegeuza?"

Karani alirudi na chai. Mshonaji alipokuwa akiinywa kwa mikono miwili, yeye akafungua jalada la mwezi wa ile tafsiri. Kwa cheti cha mtoto palikuwa na picha moja tu, aliyotumiwa kwa simu. Upande wa mbele. Na chini ya tafsiri, kwa chapa aliyoipiga kwa mkono wake mwenyewe: Nyuma ya ukurasa: tupu.

Alikumbuka yote. Mzee alikuwa na miadi ya macho kesho yake alfajiri, na vyeti vya mabaharia kumi vilikuwa vinasubiri. Cheti chenyewe kingeletwa Ijumaa. Mzee akauliza, umegeuza, naye vidole vikiwa bado vinagonga herufi akasema nimegeuza, akiwaza kwamba Ijumaa atageuza kweli. Mzee akatia sahihi. Ijumaa Mshonaji alikuja na cheti ndani ya mfuko wa nailoni, na kadi ngumu nyuma yake kisikunjike. Karani alilinganisha namba, akasema sawa, akamrudishia cheti, akaifunga tafsiri ndani ya bahasha kwa gundi na muhuri, maana bahasha ya mfasiri hufunguliwa na ofisi tu. Hakugeuza.

"Niachie barua hii," alisema.

"Ni kosa dogo la ofisi, siyo?"

"Niachie mpaka kesho, dada."

Mshonaji akashukuru. Akashukuru mara mbili, na mlangoni akageuka kushukuru tena.

Fundi, mume wa Karani, alikuwa na banda la kutengeneza majokofu hatua chache kutoka nyumbani. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya jokofu kuukuu, na mkewe alimweleza akiwa anaongea na nyayo zake.

Nyayo zikanyamaza. Kisha Fundi akatoka, akakaa juu ya ndoo.

"Nani anajua?"

"Mimi. Sasa na wewe."

"Baba?"

"Bado."

"Basi ibaki hapo." Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nisikilize, Karani. Ukienda pale ukasema hukugeuza, watauliza kwa nini hakugeuza yeye. Watampa karatasi asome. Ataisoma na nini? Muhuri unachukuliwa hapo hapo. Na si muhuri tu, aliapa. Mzee wa umri ule unataka nimwone kizimbani?"

"Na mtoto?"

"Mtoto ana serikali. Watachunguza, watapata ukweli."

"Kwa nani? Wakitaka kujua kilichoandikwa pale watamuuliza mfasiri wa Kiindonesia. Ndiye sisi."

Jokofu moja bandani likaanza kunguruma lenyewe, Fundi akalipiga teke dogo, likanyamaza.

"Hata hili linapona siku linapotaka," alisema, akijaribu kucheka. Kicheko hakikufika. "Majokofu mawili wiki nzima. Unajua nani anatuwekea sufuria jikoni. Ni yule mzee na kile kimuhuri chake. Mimi ni mtu mzima nakula kwa baba yangu, na unanitaka niseme sawa, nenda ukamvue nguo mbele za watu."

"Sijasema niende."

"Uso wako umeshakwenda."

Karani aliondoka. Nyuma yake alisikia spana ikianguka, na mumewe hakuiokota.

Jumatano Mshonaji alimwomba amsindikize. Nyumba ya kulelea ilimpigia simu: mtoto ameacha kuzungumza Kiswahili. Tangu juzi anaongea lugha yake ya kule tu, na hakuna anayemwelewa, na yeye Mshonaji kaambiwa haruhusiwi kumwona mpaka shauri liishe. "Wewe watakuruhusu," alisema. "Wewe ni mtu wa ofisi ya tafsiri."

Maneno hayo yalimchoma Karani kama sindano, lakini alikwenda.

Mlezi wa pale alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini. Alimwacha Mshonaji kwenye benchi nje ya lango, kisha, baada ya kufikiri, akarudi kumsogezea benchi kivulini. Akamwongoza Karani hadi chumba chenye vitanda vinane. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mwisho, miaka sita, sare ya shule bado mwilini.

"Hataki kuvua," alisema mlezi kwa kunong'ona. "Nimemwacha. Usiku nafua anapolala, nakausha kwa pasi, nampa tena asubuhi kabla hajaamka vizuri. Ukimnyang'anya mtoto kila kitu siku moja si utamvunja." Akainama. "Viatu nimemwekea hapa, miguuni pake, avione. Ananiambia neno moja hilo hilo kutwa. Labda ana njaa, labda anaumwa, sijui. Muulize."

Karani alichuchumaa. Mtoto alimtazama, akasema bila kulia, kama mtu aliyekwisha kuuliza watu wengi:

"Ibu mana?"

Maneno mawili. Karani hakuhitaji mzee wala kamusi.

"Anasemaje?" mlezi akauliza.

"Anauliza mama yake yuko wapi."

Mlezi akatazama dirishani, ambako kwa mbali lilionekana lango, na chini ya lango, kati ya chuma na ardhi, miguu ya mtu ikiwa na ndala mbili zisizofanana.

"Mwambie yupo karibu," alisema. "Huo si uongo."

Karani akatafuta maneno. Alikuwa ameyasoma maelfu kwa sauti kwa miaka miwili, vyeti na mikataba na ripoti za hospitali, lakini hakuwahi kumwambia mtu hata moja. Hatimaye akasema, "Ibu dekat." Mama yupo karibu. Mtoto akamwangalia mdomo, akaangalia viatu, akaanza kuvivaa.

Ikabidi avuliwe tena. Hapo ndipo alipolia.

Mzee alikuwa amekaa chumba cha mbele aliporudi, mikono juu ya magoti, akisubiri kazi ya mchana. Redio aliizima aliposikia hatua zake.

"Umechelewa leo. Leta ule mkataba wa baharia, tulifika kifungu cha nane."

"Baba, sina mkataba. Nina kosa."

Alimweleza amesimama. Picha, Ijumaa, mfuko wa nailoni, kadi ngumu. Mshonaji, barua, mtoto. Mzee hakumkatiza.

"Cheti kilikuwa wapi nilipotia sahihi?"

"Kwa mwenyewe."

"Nami nikakuuliza."

"Uliniuliza, baba."

"Ukaniambia umegeuza. Ulinitazama usoni ukaniambia hivyo?"

"Nilikuwa naandika. Sikukutazama."

"Afadhali," alisema mzee. Kisha akauliza, "Huyo mtoto anakula?"

"Kidogo. Mlezi ni mtu mwema."

"Hilo nalo ni kitu." Alipapasa meza mpaka akaupata muhuri, akauweka kiganjani. "Sasa sikia langu. Mwaka juzi herufi zilianza kuwa moshi. Mwaka huu hata moshi sioni. Wewe unajua, mwanangu anajua, paka wa jirani anajua, anapita mbele yangu na samaki wa watu. Ofisi haijui. Kila nilipoandika kwamba nimeisoma karatasi kwa macho yangu, nilikuwa nimekusikia wewe tu. Kwa hiyo usisimame hapo kama mwizi aliyekamatwa peke yake. Kaa."

Karani akakaa. Ndipo machozi yakamshuka, kimya kimya, kwa sababu alikuwa amejiandaa kutukanwa na hakuwa amejiandaa kwa hili.

Fundi aliingia akiwa bado na kitambaa chake mkononi. Alitazama mkewe, akatazama baba yake, akaelewa.

"Nilimwomba kitu kimoja tu," alisema.

"Alikiweka siku nzima," mzee akasema. "Kwa Karani huyu, ni rekodi."

"Baba, usifanye mzaha. Watakudhalilisha."

"Najua."

"Watakupa karatasi mbele ya watu."

"Najua, mwanangu."

"Basi niache niende mimi niseme mashine ilikosea. Niseme kompyuta."

"Kompyuta haikuapa." Mzee alisema hivyo bila ukali, karibu kwa huruma. "Mimi nilipewa muhuri huu niseme kilichoandikwa. Kimeandikwa pale, mimi nimesema hakipo. Kwa neno langu mtoto kachukuliwa mikononi mwa mama yake. Unataka ninyamaze nile nini hapo kwenye sahani?"

Fundi akasimama katikati ya chumba, mtu mkubwa asiye na mahali pa kuweka mikono. Mwisho akatoka nje, wakamsikia akikaa barazani. Alfajiri Karani alipoamka alimkuta pale pale barazani, ameketi juu ya kigoda, anang'arisha viatu vya baba yake. Alikuwa amevipaka rangi mara mbili. Banda hakulifungua siku hiyo.

Katika ofisi ya watoto walipewa namba thelathini na moja. Mshonaji alikuwa ameshafika, ndala sasa zote za bluu, na alipowaona watatu wakija alisimama kwa furaha. Karani alimvuta pembeni, akamwambia ukweli wote. Furaha ikamwisha usoni kidogo kidogo.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Nilikushukuru."

Mshonaji alikwenda kukaa benchi la mbali, akawapa mgongo.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, meza imejaa majalada yaliyofungwa kwa vipande vya shuka. Aliwaingiza wote. Cheti kilikuwa mbele yake, na tafsiri kando yake.

"Mzee, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeandika kwamba nyuma ni tupu."

"Nimeandika. Si kweli. Nimekuja kusema hivyo." Na akatoa karatasi aliyomwandikisha Karani jana, iliyosema kwamba tafsiri ilifanywa kutoka kwenye picha ya upande mmoja, kwamba hakukiona cheti chenyewe, na kwamba alithibitisha asichokiona.

Karani akasogea. "Aliniuliza, nikamdanganya. Kosa ni langu."

"Muhuri una jina la nani?" mzee akauliza, bila kumgeukia.

Afisa aliisoma karatasi ile mara mbili. Hakuonekana kulainika. "Mzee, nakuheshimu, lakini nikuulize kama nitakavyoulizwa na wakubwa. Miezi minne iliyopita umesema hakuna kitu, leo huyu mama yuko matatani unakuja kusema kipo. Amekulipa nini?"

Fundi aliinuka kwenye kiti. Baba yake akanyoosha mkono, akaupata mkono wake, akamkalisha.

"Swali zuri," alisema mzee. "Ningekuwa mimi ningeliuliza."

"Basi nisomee." Afisa akakigeuza cheti, akakisukuma mbele yake. "Umeshasema kipo. Kinasema nini?"

Mzee alikichukua. Alikileta karibu na uso mpaka kikagusa pua. Alikipeleka upande wa dirisha, akakirudisha. Chumba kizima kilimtazama. Nje kupitia mlango uliokuwa wazi, watu wa benchi nao walitazama, na mtoto wa mtu akauliza kwa sauti babu ananusa nini, akafinywa. Shingo ya Fundi ilikuwa imevimba.

"Siwezi," alisema mzee. "Macho yangu yamekwisha."

Afisa aliinuka, akaenda akaufunga mlango. Aliporudi sauti yake ilikuwa nyingine kidogo. "Tangu lini?"

"Tangu siku nyingi kuliko nilivyopaswa."

Lakini vidole vyake vilikuwa bado juu ya karatasi. Vilikwenda kwenye kona, vikarudi, vikakizungukazunguka kitu.

"Hapa pamebonyezwa," alisema. "Muhuri wa chuma. Nyuma ni shimo, mbele ni kinundu. Umepigwa kutoka huku nyuma, yalipo maandishi. Karani, soma tafsiri yetu. Mstari ulio kabla ya ule wa uongo."

Karani akaiinua tafsiri. Alikuwa ameisahau kabisa. "Kona ya chini, kushoto: alama ya duara iliyoinuka, haisomeki."

"Unakumbuka tulibishana?"

"Nilisema ni kivuli cha picha, baba. Ukasema hata kivuli kiandikwe."

"Bi Afisa," alisema mzee, "tuliandika hiyo miezi minne iliyopita. Tuliuona mgongo wa muhuri bila kujua ni mgongo. Kama nyuma palikuwa tupu siku ile, duara hii ilitoka wapi?"

Afisa alivaa miwani. Aligeuza cheti, akakigeuza tena, akapitisha kidole kilipopita kidole cha mzee. Karani akafungua simu, akamwonesha ile picha na tarehe yake, na kwenye kona, hafifu kama alama ya gilasi mezani, nusu duara. Mshonaji alikuwa ameshika ukingo wa kiti chake kwa mikono yote miwili.

"Naweza kumsomea," Karani akasema. "Mimi nasoma, yeye anasema. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Huyu mama atoke nje kwanza," alisema afisa, akimnyooshea kidole Mshonaji. "Nisije nikaambiwa alimnong'oneza."

Mshonaji akatoka. Karani akaanza kusoma, polepole. Mzee alifumba macho. Alisikiliza mstari mzima kabla ya kusema, kama mtu anayeonja.

"Maelezo ya pembeni," alisema. "Kwa uamuzi wa mahakama." Namba, tarehe. Afisa aliandika. Karani akasoma mstari wa pili, ulimi ukamkwama, akarudia.

"Mtoto aliyetajwa mbele amepokewa kuwa mwana," alisema mzee, "na mwanamke ambaye ni..." Akasimama. "Rudia hapo, mwanangu."

"Adik kandung ibunya."

"Ambaye ni mdogo wake mama yake, wa tumbo moja." Akafumbua macho. "Wao nao wanasema tumbo. Na tangu siku hiyo ahesabiwe mama yake kwa kila jambo. Halafu jina. Ni la huyo uliyemtoa nje."

Afisa aliandika mpaka mwisho, akaweka nukta, akakaa akiitazama nukta yake.

"Namba hii nitaiulizia ubalozini," alisema. "Itachukua wiki. Lakini shtaka la kughushi haliwezi kusimama, na bila hilo sina sababu ya kumweka mtoto wa watu." Akachukua simu ya mezani, akapiga nyumba ya kulelea. "Mtoto yule wa sare. Mpe viatu vyake."

Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu. Hakusema kitu, na mzee hakuona, lakini alielewa ule ukimya. Akatoa muhuri mfukoni, ukiwa kwenye kifuko cha kitambaa alichokishona marehemu mkewe. Aliutoa kwenye kifuko, akampa. Kifuko akakirudisha mfukoni.

"Nitaandika kwamba ulikuja mwenyewe," alisema afisa. "Hiyo haitakurudishia, lakini itakuepusha na mengine." Akamgeukia Karani. "Na wewe unayesoma. Una cheti?"

"Sina."

"Mtihani upo kila mwaka. Orodha yangu sasa haina mtu wa Kiindonesia." Alisema hivyo kwa ukavu, akiwa ameshainamia jalada lingine.

Mshonaji hakuwasubiri. Walipotoka alikuwa ameshafika mbali barabarani, anakimbia, ndala mkononi. Halafu akasimama. Akageuka, akawatazama watatu wale kwa mbali, hakupunga mkono wala hakutabasamu. Aliinamisha kichwa mara moja, akaendelea kukimbia.

Njia nzima Fundi alimshika baba yake mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa yeye ndiye anayeshikwa.

"Kesho naanza kupokea na pasi," alisema. "Na feni. Kila mtu ana feni mbovu."

"Na paka," alisema mzee. "Mtengeneze yule paka."

Nyumbani walikaa chumba cha mbele kwa mazoea, ingawa hapakuwa na kazi. Juu ya meza, mahali pa muhuri, palibaki duara ya wino iliyokolea kwa miaka, na mkono wa mzee ulikwenda pale wenyewe, ukarudi. Karani alitoa stakabadhi aliyopewa na ofisi, akamsomea: muhuri mmoja, umepokelewa, tarehe, sahihi ya afisa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Umegeuza?"

Karani alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Akaufunga. Akaishika karatasi kwa pembe mbili, akaigeuza, akaipeleka dirishani penye mwanga. Akaitazama yote, juu mpaka chini, akapitisha kiganja kama alivyoona vidole vya mzee vikifanya. Kisha akamgeukia, akamtazama usoni.

"Tupu, baba."

"Andika basi."

Akafungua daftari, akaandika. Na chini ya maneno yale, mahali ambapo kwa miaka miwili alikuwa akimwekea mzee kidole chake ili atie sahihi, akatia ya kwake.